Siku tatu kwenye mikoko ya Rufiji

Basi la kutoka Mbagala lilinishusha Bungu, nikadandia bodaboda hadi Nyamisati, begi la kamera mapajani, stendi yake ya miguu mitatu mgongoni kama bunduki. Nilikuwa nimepanga kupiga picha za mikoko ya delta ya Rufiji kwa nyeusi na nyeupe. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mwenye mtumbwi alikuwa anatazama viatu vyangu. "Vua hivyo, mwanangu. Tope la huku halina adabu."

Tuliondoka alfajiri, mbalamwezi ikielekea kuzama. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na kulipopambazuka maji yalishaanza kuukimbia msitu. Kilichobaki ni vurugu tupu: mizizi ya mikoko imepandana, vipumulio vya mililana, mizizi yake ya kuvutia hewa, vimechomoza topeni kama misumari, konokono wa tondo kila mahali, na magogo yaliyoletwa na mto. Macho yanajisaidia kwa rangi. Kijani kule, kahawia huku. Ukiondoa rangi, jani na tope vinakuwa kijivu kilekile. Nilipiga picha karibu tisini, na kwenye skrini kila moja ilifanana na wavu wa jarife uliotupwa bila kukunjwa.

Sikushangaa tena kwamba Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilijificha humu mwaka 1914 na Waingereza hawakuimaliza mpaka Julai 1915. Huu ni msitu wa mikoko wa makumi ya maelfu ya hekta. Hata mtumbwi wetu niliupoteza kwa macho nilipotembea hatua ishirini.

Siku ya pili nilijaribu ujanja niliouzoea milimani: kufumba macho nusu mpaka vitu vidogo vipotee, yabaki maumbo ya mwanga na giza. Nikaliona umbo moja, mkoko mzee uliopinda juu ya kijito kama upinde. Nikasimika stendi. Kabla sijabonyeza, mguu mmoja ukazama hadi kwenye goti la chuma, kamera ikalala upande. Mzee alicheka, akaenda mtumbwini, akarudi na vifuu vitatu vya nazi alivyokuwa akitolea maji. Akavipachika chini ya miguu ya stendi, kimoja kimoja. Haikuzama tena. (Nimenunua vifaa vya bei mbaya kwa tatizo hilohilo.)

Lakini tope lilikuwa limeshatokeza, na picha ikawa ileile ya jana.

"Unakimbizana na nini?" akaniuliza. "Maji kila siku yanachelewa. Kesho saa hii hii utayakuta bado ndani."

Kwa hesabu ni kama dakika hamsini kwa siku. Na kweli, siku ya tatu jua lilipogusa vilele, maji yalikuwa katikati ya mizizi. Tondo, magogo na misumari yote vilikuwa chini. Kilichobaki juu ni ule upinde, na kivuli chake majini kikiumalizia duara. Nikaweka kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, nikaacha shata, kilango cha mwanga cha kamera, wazi sekunde ishirini. Viwimbi vikalala, maji yakawa kama bati jipya. Usubi walinila shingo muda wote huo na sikuthubutu kujipiga, maana nilisimama topeni palepale ilipo stendi. Jioni, kwenye kompyuta, nilipandisha mwanga wa kijani na njano: majani yakang'aa, mizizi ikabaki nyeusi kama wino.

Kabla ya kuondoka nilimwonyesha mzee. Ile ya duara aliitazama kidogo, akasema nzuri, akaendelea kupekua kwa kidole chenye magamba ya samaki. Akasimama kwenye mojawapo ya zile tisini za siku ya kwanza, ambazo bado sikuwa nimezifuta.

"Unaliona hili shimo, chini ya mzizi huu wa pili?" Mimi niliona kijivu. "Humu mna kaa. Huyu namdai tangu Ramadhani. Na hapa ndipo ninapofunga mtumbwi maji yakiwa mafu." Akanirudishia kamera. "Nisafishie hii."