Matairi kung'aa zaidi ya siku moja: nilivyofanikiwa

Kwa muda mrefu vijana wa kuosha magari hapa Moshi walinipakia dizeli kwenye matairi. Yanameta kweli, lakini nikifika Boma Ng'ombe tu vumbi limeshanata, yamekuwa ya kahawia. Fundi wa pancha akaniambia, "Kaka, dizeli inakula mpira." Ni kweli, mafuta hulainisha na kuvimbisha mpira. Na ile rangi ya kahawia si vumbi peke yake: tairi lina kemikali ya kulikinga lisipasuke, nayo hujitokeza juu taratibu.

Kumbe kazi kubwa ni kuosha. Nilisugua kwa brashi ngumu na sabuni. Povu la kwanza lilitoka kama chai ya maziwa. Nikarudia mara tatu mpaka likawa jeupe. Nikaacha matairi yakauke kabisa, hata kwenye maandishi. Ndipo nikapaka kwa sponji dawa ya silikoni ya maji, ile nyeupe kama maziwa, safu nyembamba. Baada ya dakika 20 nikafuta iliyozidi, nikarudia. Kashata za tairi, yaani sehemu inayokanyaga barabara, usizipake, utateleza ukifunga breki.

Nimeenda Arusha na kurudi mara mbili, mvua ikanikuta Usa River. Siku ya tisa leo, bado meusi.