Siku yangu na sisimizi

Saa 11 alfajiri, Bombo, kaskazini ya Kampala. Adhana inanikuta jikoni nikigombana na sisimizi. Wamepanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye kopo la sukari. Nimelihamisha kopo, lakini bado wanapita palepale, wanazungukazunguka, wanarudi mikono mitupu. Nikatoka kuoga, narudi, foleni imeshakonda.

Saa 1, taksi (Wakenya wangesema matatu) imekwama Kawempe. Kama kawaida.

Saa 3, ofisini Wandegeya. Tunachuja taarifa za masoko ili kila mfanyabiashara apate ujumbe unaomhusu. Mbinu tuliiga kwa sisimizi, ambao huacha harufu njiani ili wenzao waifuate, na isipoongezwa hufifia; ndiyo ile aliyoiandikia tasnifu mtafiti wa kompyuta Marco Dorigo huko Milan mwaka 1992. Ukifungua ujumbe, mada yake inaongezewa “harufu”, na mada zenye harufu nyingi ndizo tunazokutumia zaidi. Kila siku harufu zote hupungua kidogo.

Simu inalia. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kikuubo, hapa Kampala.

“Mwanangu, vitunguu niliviacha tangu mwezi wa Ramadhani. Nauza maharage. Mbona mnanikimbiza na vitunguu?”

“Nisamehe, mama. Naliangalia leo hii.”

Kosa ni langu. Niliweka kasi ya harufu kufifia 0.01 kwa siku, yaani asilimia moja, kwa hiyo baada ya siku 60 vitunguu bado vina asilimia 55 ya harufu yao. Najaribu 0.1: siku 60 zinafuta kila kitu, sawa, lakini mtu akilazwa wiki mbili tu anabakiwa na asilimia 23. Akirudi tunamwona mgeni. Naishia 0.05. Vitunguu vinashuka hadi asilimia 5, mgonjwa anabaki na karibu nusu.

Saa 7, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mayai mawili. Mwenzangu, shabiki wa kinga ya mwili, ananicheka: mwili hausahau ugonjwa hivyo, huacha chembe chache za kuukumbuka. Ana haki, ingawa sikumwambia. Naweka kiwango ambacho harufu haishuki chini yake. Naongeza pia sisimizi mpotevu: ujumbe mmoja kati ya kumi unachaguliwa kwa bahati nasibu, maana maharage yangepataje harufu kama hatukuwahi kumtumia?

Saa 10 umeme unakatika. Tunakaa tu.

Saa 12 jioni unarudi. Mama anapata bei ya maharage, na jibu halichelewi:

“Haya, asante. Lakini hii ni bei ya Kisenyi au ya Owino?”

Mahali sikupaweka kabisa.