Nilivyomfundisha Simsim Kupita Juu ya Boriti

Simsim alifika kwetu akiwa na miaka minne, farasi jike wa hudhurungi, kimo cha sentimita 148 begani, hajui kitu ila kula na kufukuza mbwa. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja upande wa Njoro. Tajiri alitaka ajue kwanza kuinua miguu na kuangalia anapokanyaga, mambo ya kuruka yaje baadaye. "Mpitishe tu juu ya boriti," akaniambia, utadhani ni kupitisha ng'ombe kwenye josho.

Nilianza vibaya. Kulikuwa na boriti za mikaratusi zilizobaki tulipojenga ua, kila moja ya mita 3. Nikazipaka rangi nyekundu iliyosalia ya mabati, nikalaza mbili kwenye majani, nikamvuta kwa kamba. Simsim akafika, akasimama, akakoroma, kisha akaziruka zote mbili kwa mpigo mmoja. Kamba ilinichuna kiganja. Mchana huo nilikula ugali kwa kijiko.

Mzee mmoja, saisi tangu sijazaliwa, alikuwa ameegemea lango akitazama.

"Kijana, mbili zimekaribiana hivyo, yeye anaona kitu kimoja kipana cha kuruka. Weka moja. Akiizoea, nenda tatu. Mbili achana nazo."

"Sawa, mzee."

"Na hiyo rangi ulimpakia nani? Wewe au yeye?"

Sikumwelewa mpaka aliponieleza. Farasi huona buluu na manjano vizuri, lakini nyekundu na kijani kwake hukaribiana sana. Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha, majani kijani kibichi, nami nimemlazia boriti nyekundu juu yake! Jioni nikazipaka nyeupe.

Kosa la pili ndilo lililonikera zaidi, maana lilikuwa mkononi mwangu kila siku. Nilikuwa namshika kamba fupi, karibu na kidevu, nikidhani ndiyo namdhibiti. Sasa farasi haoni kilicho chini ya pua yake wala mbele kabisa ya paji la uso. Boriti ikishafika karibu na kwato anakwenda kwa kukumbuka, kwa hiyo lazima ainamishe kichwa aipime angali mbali kidogo. Mimi nilikuwa nimemzuia kuinama, halafu namlaumu kwa kujikwaa. Nilipolegeza kamba, alishusha shingo, akanusa ile nyeupe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akavuka kama mtu anayeruka kidimbwi akiwa na viatu vipya: polepole, mguu mmoja mmoja.

Wiki nzima tulikuwa na boriti moja tu, kulia na kushoto, robo saa kwa siku. Wiki ya pili nikaweka tatu. Futi ya kupimia sina. Gambuti yangu ni kama sentimita 30, basi kwa mwendo wa kutembea niliacha gambuti tatu kasoro kidogo kati ya boriti na boriti. Kwa telki, yaani mbio ndogo, ambayo masaisi wengi huiita troti, gambuti nne, yaani mita 1.2 hivi. Farasi mrefu angehitaji nne na nusu, lakini Simsim hatua zake ni fupi, na ukimpanulia anaongeza hatua ya katikati anavurugika. Jambo jingine: boriti ya mviringo ikikanyagwa hubiringika, na kifundo cha farasi hakina spea. Nilichimba vijifereji vya vidole viwili, nikazilaza humo.

Telki ya kwanza nikiwa juu ya tandiko aligonga karibu kila boriti. Mzee aligeuza debe, akaketi, akafumba macho. Alisema anasikiliza. Ko, ko, ko. "Tena." Tukazunguka. Ko, ko. "Mwache, usimpige mateke, apange mwenyewe." Nikalegeza hatamu, nikatazama vilima vya mbali badala ya masikio yake.

Siku ya kumi na nane niliongeza boriti ya nne. Tukaingia, mgongo wake ukainuka chini yangu, mara tukawa ng'ambo. Nikageuka kumtazama mzee. Amefumbua macho, uso umekunjamana.

"Mbona umempitisha kando?"

Nikashuka, nikamwonyesha alama za kwato kwenye udongo, katikati ya kila pengo.