Fundi wa kinanda cha Haarlem

Jana nimekaa saa nzima ndani ya Kanisa la Bavo, mjini Haarlem, Uholanzi, shingo imenikauka kwa kutazama juu kwenye kinanda chake cha mabomba, kinacholia kwa upepo. Mimi nimelelewa na kinanda cha umeme cha kwaya, kile ambacho umeme ukikatika mnaendelea kwa kupiga makofi. Hiki ni kitu kingine kabisa!

Aliyekijenga ni Christian Müller. Kwa kuzaliwa alikuwa Mjerumani, mtu wa milima ya Harz, ila karakana yake ilikuwa Amsterdam, na Waholanzi wanamhesabu kuwa wao. Kazi ya Haarlem ilianza 1735 ikaisha 1738. Mabomba yanakaribia 5,000, mengi ya bati na risasi, na kileleni kuna simba wawili wameshika ngao ya mji. Enzi hizo hakuna umeme, kwa hiyo kulikuwa na watu wa kukanyaga mivukuto ili upepo usikate. Hao hakuna anayewataja.

Mpigaji alipokanyaga pedali ya sauti nzito, sikuisikia masikioni kwanza. Niliisikia kwenye nyayo, kupitia mawe ya makaburi yaliyotandikwa sakafu nzima. Halafu ikafuata sauti nyembamba ya filimbi, peke yake, kama mtoto anayepiga mluzi uani.

Mozart, yule mtunzi maarufu wa muziki, alikipiga 1766, ana miaka 10. Mimi nina arobaini na ushee, na nimeomba tu kuigusa ile mbao ya benchi. Wamekataa, kwa adabu.