Mama na mchoma nyama wa Kwa Mrombo

Mama yangu amekaa na moto maisha yake yote. Kwetu Tanga, jirani na soko la samaki la Deep Sea, amechoma changu, tasi na pweza tangu mimi sijazaliwa, na hata leo ukimwekea samaki aliyeungua nje na ndani bado, hasemi neno. Anaisogeza sahani tu. Kwa hiyo rafiki yangu wa Arusha aliposema jioni ile atatupeleka Kwa Mrombo kula nyama choma, niliingiwa na wasiwasi.

Ilikuwa mwaka 2017. Tulikuwa tumetoka Tanga kwa basi kuja kwenye mahafali ya mdogo wangu, Chuo cha Uhasibu, Njiro. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400, unapita Segera, Korogwe, Mombo, Same, Moshi, na njia nzima Mama alikataa vyakula vya stendi. Mahafali yakaisha salama, picha zikapigwa, joho likarudishwa. Sasa watu wana njaa.

Anayeijua Arusha hahitaji kuelezwa Kwa Mrombo. Ni upande wa Muriet, baa na mabucha yamefuatana barabarani, na jioni moshi wa nyama unakupokea kabla hujashuka garini. Viti vya plastiki, mabanda ya mabati, bucha mbele, jiko ubavuni. Hakuna anayekuletea orodha ya vyakula. Unakwenda mwenyewe buchani, unaangalia mbuzi anayening'inia, unaonyesha unachotaka, kinapimwa, kinapelekwa motoni. Halafu unasubiri.

Mama alikuwa na swali kabla hajakubali kuketi.

"Baba, huyu mbuzi kachinja nani?"

Kijana wa bucha hakukasirika wala hakucheka. Aliweka kisu chini, akamwamkia kwanza, kisha akamtajia mzee wa msikiti wa pale jirani anayekuja kuwachinjia kila alfajiri. Akaligeuza paja ili Mama auone na muhuri wa mkaguzi.

"Na nguruwe?"

"Wanauza ng'ambo kule, mama. Jiko letu hilo haliguswi na nguruwe hata siku moja."

Nimelifikiria sana jibu lile. Sisi Watanzania tunajivunia kukaa meza moja, Mwislamu na Mkristo, lakini kukaa huko kunashikiliwa na watu kama yule kijana, wanaoulizwa swali lilelile kila siku na wanalijibu kwa adabu kana kwamba wameulizwa leo tu.

Tukachukua mbavu kilo moja na paja kilo moja. Rafiki yangu namjua na bia yake ya Safari, ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji, kwa kuwa kwetu mhudumu lazima akuulize, ya moto au ya baridi? Siku hiyo alipoulizwa akamtazama Mama na ushungi wake, akaagiza Stoney Tangawizi. Nami nikaagiza hiyohiyo. Mhudumu naye, bila kuambiwa na mtu, akatuhamisha kutoka karibu na spika akatuweka meza ya pembeni, karibu na jiko, maana jioni ya Arusha kwa mtu wa pwani ni baridi na Mama alishajifunika khanga ya pili.

Huko kukaribia jiko ndiko kulikomwinua. Soda yake hata haijafika nusu, nikamwona kasimama kando ya mchoma nyama.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mkimya, mikono imejaa alama za kuungua za zamani. Jiko lake la matofali, juu limelazwa nondo. Nikasogea nisikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona makaa umeyakusanya upande mmoja?"

"Mafuta yakidondokea makaa, mama, ndimi zinapanda. Nyama itakuwa nyeusi nje, ndani ina damu. Naanzia huku kwenye joto dogo, mifupa chini. Mfupa ukishashika moto unaivisha nyama kwa ndani. Mwisho ndipo naisogeza kule ipate rangi."

"Ukwaju hutii? Wala tangawizi?"

"Chumvi tu, mama."

"Chumvi peke yake?"

Akamwonyesha kopo la maji ya chumvi na brashi. Kila akigeuza mbavu alizipitishia maji yale, zikalia, kisha akarudi kuyatazama makaa. Mama akamweleza kwamba sisi huchoma kwa vifuu vya nazi, kwamba vina moto mkali na havina moshi mwingi vikishashika. Akataka kujua vinakaa muda gani. Mama akamwambia. Wakaendelea hivyo, kifuu na mkaa, samaki na mbuzi, huku wateja wa meza nyingine wakipaza sauti, "Babu, bado?" na yeye akijibu "Bado" bila kugeuka. Ilipita saa nzima na zaidi.

Kuna wanaosema nyama choma ni chakula rahisi, eti nyama na chumvi nani atashindwa. Siwakubalii. Kwenye samaki wa kupaka, tui zito linaweza kumfichia mpishi mengi. Hapa hakuna pa kujificha, kila kitu kinamtegemea huyo aliyesimama motoni na kukataa kuharakishwa.

Alituletea mwenyewe, kwenye ubao, akaikatakata mbele yetu kwa kisu kirefu. Tukanawishwa kwa jagi na beseni. Pembeni fungu la chumvi, pilipili, ndimu, kachumbari, ndizi za kuchoma. Mbavu ziliachia mfupa kwa kuvutwa kidogo tu. Mafuta ya juu yamekauka yanavunjika menoni, ndani nyama laini ina maji yake. Mama alikula kimya. Alipofika kwenye paja ndipo akasema, "Huyu mtu anajua." Mimi ni mwanawe, na sifa hiyo sikuwahi kumsikia akimpa mpishi mwingine.

Baadaye yule bwana akamletea kikombe cha supu ya mifupa iliyochemshwa na magome ya olkiloriti, dawa ya Wamaasai ya kusaidia nyama kusagika tumboni. Ni chungu kweli. Rafiki yangu alikunja uso, mimi nikaishia nusu, Mama akamaliza na kuuliza magome hayo yanauzwa wapi. Wakati wa kuondoka hakutaka nimpelekee mtu yule chochote kwa niaba yake. Alikwenda mwenyewe, wakaagana kwa mikono miwili.

Idd iliyofuata, Tanga, alichoma mbuzi kwa vifuu alivyovikusanya upande mmoja wa jiko, kopo la maji ya chumvi mkononi. Mjomba akaja mara mbili kuulizia ukwaju. Mama akamwambia akae asubiri, na tukasubiri wote mpaka karibu na alasiri.