Maskini, fukara, mkata

Wiki hii nilikuwa naandika barua ya kumwombea msaada mama mmoja jirani, nikakwama kwenye neno moja tu. Nimwite maskini? Hilo tunalitumia hata kuoneana huruma: tajiri akipatwa na msiba tunasema "maskini, kafiwa!" Mkata amekaukiwa fedha, akizipata kesho, ukata umemtoka. Hohehahe ndilo linaloniumiza zaidi, maana hana kitu na mara nyingi hana hata wa kumkimbilia. Mama huyu ana watoto wanaompenda, kwa hiyo nililikataa kabisa.

Kuhusu fukara na maskini, hata wanazuoni wamebishana. Kurani, sura ya 9 aya ya 60, inawataja kama makundi mawili ya wanaostahiki zaka. Mashafii, wafuasi wa moja ya madhehebu ya sheria ya Kiislamu, husema fukara ndiye mwenye hali mbaya zaidi; Mahanafi, wa madhehebu mengine, husema ni maskini.

Mwishowe niliandika "ameishiwa". Anayeishiwa alikuwa nacho. Mama huyu amefanya kazi maisha yake yote, akiba ikamalizwa na maradhi, na nilitaka watakaoisoma barua walijue hilo kwanza. Nilimsomea kabla ya kuituma. Akasema, "Liache hilo hilo, mwanangu."