Jina la redio ya baba

Nilipokuwa mtoto nilidhani kwamba "National" ndilo neno lenyewe la redio. Redio ya baba ilikaa juu ya kabati, ndani ya mkoba wa ngozi wenye matundu upande wa spika, na hakuna aliyethubutu kuigusa taarifa ya habari ilipokaribia. Betri zake, ambazo zilitengenezwa hapahapa Dar es Salaam kwa jina hilohilo, zilipoanza kuchoka mama alizianika juani ili zisukume siku mbili tatu zaidi. Tangu hapo, kila kifaa kilichoandikwa National kilikuwa kimekwisha kuaminiwa nyumbani kwetu kabla hakijawashwa.

Konosuke Matsushita, Mjapani aliyeanzisha kampuni iliyotengeneza redio hizo, alianza kulitumia jina hilo mwaka 1927 kwenye taa ya baiskeli. Marekani lilikuwa limekwisha kusajiliwa na wengine, ndiyo maana huko bidhaa zake ziliuzwa kama Panasonic, na mwaka 2008 kampuni nzima ikajiita Panasonic na kuachana na National. Jina lilibadilika, lakini mwenye mali alibaki yuleyule.

Linalonisumbua mimi ni kinyume chake: jina kubaki na mwenye mali kubadilika. Televisheni zenye jina la Philips zimekuwa zikitengenezwa kwa miaka mingi sasa na TP Vision, ambayo tangu mwaka 2014 ni mali ya kampuni ya TPV. Biashara ya televisheni za Toshiba ilinunuliwa na Hisense ya China mwaka 2018. Simu za Nokia zilizorudi madukani kuanzia mwaka 2017 zilitoka kwa HMD, kampuni nyingine ya Finland iliyopewa leseni ya kulitumia jina hilo. Sisemi kwamba vifaa hivyo ni vibaya, wala leseni si wizi. Ninachosema ni kwamba sifa anayoilipia mnunuzi ilijengwa na mikono mingine, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajatoa fedha.

Wapo walioiona thamani ya jina mapema sana. Mwaka 1955 Akio Morita aliipeleka Marekani redio ndogo ya kampuni yake changa, na kampuni ya saa ya Bulova ikataka kuagiza redio 100,000 kwa sharti kwamba ziuzwe kwa jina la Bulova. Morita alikataa, ingawa fedha hizo zilikuwa nyingi mno kwao, kwa sababu alitaka redio zibebe jina la Sony, ambalo wakati huo halikujulikana na mtu.

Miaka miwili iliyopita nilinunua televisheni Kariakoo kwa kuliamini jina la zamani. Baada ya miezi kumi na minne picha ilitoweka, sauti ikabaki. Niliwapigia wenye jina, wakanijibu kwa upole kwamba televisheni hiyo si kazi yao, kwamba wao wameruhusu jina tu. Nilimpelekea fundi. Aliilaza kifudifudi juu ya blanketi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akanionyesha ukanda wa taa za nyuma ya skrini ambao taa zake tatu zilikuwa zimeungua, kisha akaweka kidole kwenye bodi. Palikuwa na jina la kampuni ambayo sikuwahi kuisikia. "Kaka, hii ndiyo kampuni yako," aliniambia. "Huko mbele ni jina tu." Maneno yanayoeleza jambo hilo yalikuwepo tangu mwanzo kwenye lebo ya mgongoni, kwa herufi ndogo kama punje za mtama, upande ambao hutazamana na ukuta. Kwa maoni yangu maneno hayo yangepaswa kuandikwa mbele ya boksi, chini ya jina lenyewe na kwa herufi zinazosomeka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumnunulia mama redio. Muuzaji alishangaa nilipomwomba aligeuze boksi kabla hatujazungumza bei, lakini aligeuza, tukasoma pamoja jina la mtengenezaji, na nikamuuliza spea zake zinapatikana wapi. Alinionyesha duka lililokuwa mlango wa tatu kutoka hapo. Nilikwenda kuhakikisha, kisha nikarudi kulipa.